Mtawa Kise wa Maji Baridi

Alizaliwa Kise asubuhi ya theluji, mwezi wa pili wa mwaka 1771, katika kijiji cha Urodani, nchi ya Echizen, mtoto wa tatu wa Yosoji mtengeneza karatasi. Kitovu chake hakijapona, mama yake alikwisha kurudi kwenye hodhi la karatasi. Huku kwetu wanaume hupiga magome ya mforosadi, lakini kuinua karatasi majini kwa chekeche la mianzi ni kazi ya wanawake, na maji yakizidi baridi karatasi huzidi uzuri. Alipokuwa na miaka sita Kise alisimamishwa juu ya kigoda, akaanza kazi. Alipokuwa na tisa alitunga mashairi mafupi, akayaandika kwa kidole chenye maji juu ya mbao za kukaushia, jua likayafuta.

Aliolewa, na mwaka wa nne mumewe akafa kwa homa. Ndipo mwito ulipomjia. Alinyoa nywele, akaingia hekalu la kijiji, akasema ataomba na kutunga hadi mwisho wa pumzi. Gonza, kaka wa marehemu na mkuu wa nyumba ile, alikwisha kumtafutia mume mwingine, mtengeneza pombe ya mchele, na hakutaka kusikia habari za utawa.

"Shemeji, kichwa kimekuwa kama tikiti, na bado unajiita mshairi?" alimwambia mbele ya watu. "Mwalimu Ranpo anakuja baraza la mashairi la mwezi huu. Akilichagua shairi lako kuwa la kwanza, baki. Asipolichagua, nywele zitaota na utaolewa."

Mwalimu Ranpo alikuwa mtu wa mjini mwenye sifa kubwa, na alikuwa akisema kwamba shairi la mwanamke yeye hulinusa mara moja, kama samaki wa juzi. Lakini baraza lina desturi yake. Kila mmoja huandika bila jina, vipande vya karatasi huchanganywa, kisha mtu mmoja huvinakili vyote kwa mkono wake, ili mwandiko usimtambulishe yeyote. Shairi likichaguliwa husomwa, na mwenyewe huita jina lake. Siku ile, Machi 1797, Kise alitia kipande chake kimyakimya, akarudi jikoni mwa hekalu kuchemsha chai.

Mwalimu aliinua shairi alilolichagua kuwa la kwanza, akasoma:

*Maji baridi;*
*nainua ukungu*
*uwe waraka.*

Machozi yakamlenga. Kisha akafanya kosa ambalo barazani halifanywi: hakungoja jina. "Huyu ni Tokugen wangu," alisema. "Nani mwingine? Hongera, mwanangu!"

Tokugen, mwuza karatasi, alitokwa jasho. Alikuwa mwanafunzi mpendwa, na kukaa kimya tu kungemtosha. Jikoni wanawake walitazamana, maana nani asiyejua pamba ile ya magome yaliyopondwa inavyoinuka majini kama ukungu? Bibi Tatsu mpishi akamsukuma Kise ubavuni: "Jibu, mama! Au unangoja chai ipoe?"

"Mwalimu," Tokugen alisema hatimaye, "mimi huuza karatasi. Mikono yangu haiyajui maji hayo."

Ndipo mlangoni, birika mkononi, sauti ikasikika: "Kise!"

Ranpo alitazama vidole vile vyekundu vilivyopasuka. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Pua yangu imezeeka," alisema, na watu wakacheka kwa furaha. Gonza alitimiza neno lake; mpaka kufa kwake ndiye aliyempelekea Kise kuni.

Miaka arobaini na sita Kise aliishi katika kibanda karibu na chemchemi, na wanawake wakatoka jikoni wakaketi barazani. Mwaka wa njaa kuu alibadilisha mashairi yake kwa mtama, akalisha nyumba kumi na tatu. Chemchemi ile haijaganda tangu hapo, na karatasi zake, nilizozishika mwenyewe, hazijageuka rangi.

Alifariki Januari 1843. Mwezi uliofuata shairi moja lilichaguliwa na wote waliokuwapo:

*Barafu kwisha;*
*mkono wangu wapi?*
*Maji yacheka.*

Msomaji akauliza, "La nani?" Kimya. Akauliza tena. Ndipo walipofahamu kwamba marehemu alikuwa ametuma kipande chake mapema, bila jina, kama desturi. Wanawake wote wakaitika kwa pamoja: "Kise!"

Hata leo baraza letu hufunguliwa kwa kuita jina hilo. Nasi tumfuate: tusiitikie sifa isiyo yetu, kama Tokugen alivyokataa, na iliyo yetu tuiitikie kwa sauti, hata tukiwa na birika mkononi.