Isale kwa Gego

Siku ya kumaliza matanga ya baba, kule Kirua Vunjo, tuligawana kihamba, shamba la migomba na kahawa alilotuachia. Wanaume watatu tulipata kila mtu chake. Mdogo wetu wa kike, aliyemuuguza baba miaka minne, alipewa asante.

Kisha nyama ikaletwa. Alipewa ubavu, akausogeza pembeni. Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, aliigusisha midomo tu. Tukimsemesha, anaguna, meno yameumana.

"Huyu anatususia," alisema baba mkubwa. "Nyama ya matanga ya baba yake!"

"Mwache anune," nikasema. "Njaa ikimbana atakula."

Mapema wiki ile alikuwa ameniambia gego la mwisho linamsumbua. Nilimwambia asukutue kwa maji ya chumvi, na kwamba jino la akili huchelewa kwa wanaochelewa kuzipata. Nilicheka peke yangu.

Asubuhi baada ya matanga hakutoka chumbani. Baba mkubwa akakata isale, jani ambalo kwetu ukiletewa kuombwa msamaha huwezi kulikataa, akanikabidhi.

"Nenda wewe, msomi. Una maneno."

Ninayo, kweli. Nilisimama mlangoni nikahutubia: marehemu, damu, umoja wa ukoo. Nilikuwa nimefika mbali ndipo nikamtazama. Alikaa wima kitandani, kichwa amekisukuma mbele, mate yanachuruzikia kanga kwa sababu hawezi kuyameza. Chini ya taya shingo ilikuwa imevimba, ngumu kama ubao. Isale alilipokea kwa mikono miwili. Nilipokaa kimya nikasikia anavyoitafuta pumzi.

Tulimteremsha Moshi kwa gari la jirani, jani bado amelishika. Daktari wa meno alimwambia afungue mdomo; hata kidole kimoja hakikupita. Picha ilionyesha gego limelala ubavu ndani ya taya, limekwama kwenye jino la jirani. Fizi ililifunika nusu, chakula kikaoza chini yake, na usaha ukashuka shingoni.

"Mdomo umegoma kufunguka tangu lini?"

"Jana. Labda juzi."

"Mkasubiri nini?"

"Tulidhani amekasirika."

"Kaka," alisema, akigusa chini ya taya yake mwenyewe, "hasira haivimbi hapa."

Walimpasua shingo kutoa usaha, wakamtoboa koo na kumwekea mpira wa kupumulia. Gego lilitoka vipandevipande. Siku tano hakuna aliyetuambia kwamba atapona.

Siku ya sita aliomba kalamu kwa ishara. Niliinama kusoma, nikitegemea shukrani.

"Jino liliuma kweli," aliandika. "Ila hata lisingeuma, nyama yenu nisingekula."

Kisha akapapasa chini ya mto, akatoa lile jani, limenyauka, akaninyooshea.

Kwetu isale halirudishwi. Nililipokea kwa mikono miwili.