Shingo ya Shangazi

Nilipovunja ungo, nyumbani kwetu Mtua, niliwekwa ndani kama ilivyopasa, chini ya uangalizi wa bibi mzaa mama. Damu ilikuja mara moja, ikakoma, na miezi ikapita bila kurudi. Bibi hakushtuka. Kwa maoni yake, mwali aliyekauka amekosa mafuta mwilini, na dawa yake ni chakula: ugali wa mhogo, kisha uji mzito wa mtama uliotiwa ufuta uliotwangwa na asali. Desturi ilitaka mwali atoke amenawiri. Mimi niliingia nikiwa nimenawiri tayari.

"Kula, mke mwenzangu," alikuwa akinitania. "Babu yako hataki mifupa."

Nilikula, tumbo likanenepa, damu haikuja. Kilichokuja ni weusi uliozunguka shingo yangu kama ukosi wa shati. Bibi aliudhania kuwa uchafu wa kukaa ndani. Kila asubuhi alinikalisha kwenye kigoda akanisugua kwa dodoki na majivu, mpaka ngozi ikachubuka; weusi ukabaki palepale.

Hofu yangu ilikuwa na sura, nayo ilikuwa sura ya shangazi, dada wa baba, aliyekaa Mbwemkuru. Alikuwa na ndevu chache alizozing'oa kwa kucha. Aliolewa mara mbili, akaachwa mara mbili, bila mtoto. Muda mfupi kabla sijawekwa ndani, kiu ilikuwa haimwachi, na tulipokwenda kumtazama niliona kwa macho yangu sisimizi wamejipanga nyuma ya kibanda chake, mahali alipokojoa.

Nilimwuliza bibi kama naweza kuwa kama shangazi. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Wewe ni wa ukoo wetu. Mtoto hufuata tumbo lililomzaa. Baba yako alikuja hapa na jembe lake tu. Atakurithisha nini, mpini?"

Hayo hayakuwa maneno ya bibi peke yake. Kwetu, ukoo na shamba vilihesabiwa kwa upande wa mama, na mwanamume aliyeoa alihamia kwa wakwe. Ikaonekana dhahiri kwamba hata maradhi yangefuata njia hiyohiyo. Baada ya miaka mingi daktari alinieleza kwamba hali hii huweza kupitia kwa baba sawasawa na kwa mama. Mwili wa namna yetu hauitikii vyema insulini, kwa hiyo huitoa kwa wingi. Wingi huo huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, na yai halipevuki. Weusi wa shingoni ni alama ya insulini hiyo iliyozidi, na uji wa bibi uliiongeza. Ikiendelea hivyo miaka mingi huweza kuishia kwenye kisukari, chenye kiu isiyokoma na mkojo wa sukari unaovuta sisimizi.

Wakati ule sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba kidevuni mwangu vidole vimekwisha kugusa unywele mmoja mgumu. Kila alfajiri, kabla bibi hajaamka, nilitoka kwa siri hadi nyuma ya kibanda chetu, mahali nilipokojoa, kuinama na kutafuta sisimizi. Sikuwaona, na kesho yake nilikwenda tena.

Siku za kutoka zilipokaribia, shangazi alikuja kutoka Mbwemkuru akiniletea kanga. Alitukuta kwenye kigoda, dodoki likiwa kazini. Akaushika mkono wa bibi.

"Mama, mwache. Huo si uchafu."

"Wewe umejuaje, na ndiyo kwanza umefika?"

Shangazi alishusha mtandio wake, akainamisha kichwa. Shingo yake ilikuwa nyeusi kama yangu, na mikunjo ileile.

"Huyu ni wa kwetu," bibi alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ukoo ni wenu, mama, sina ugomvi. Shingo ni yangu."

Dodoki likaanguka kwenye majivu. Bibi aliuangalia uji uliokuwa ukipoa kando yangu, akauchukua, akaingia nao ndani bila kunitania. Shangazi akachuchumaa mbele yangu, uso wake karibu na wangu, nikaziona ndevu zile.

"Niambie kweli, mwanangu. Unasikia kiu?"

Nilisema hapana. Koo lilikuwa limenikauka, na kata ya maji ilikuwa mguuni pangu. Sikuthubutu kuigusa mpaka alipoingia ndani kumfuata bibi.