Uso wa Mshika Bendera

Marehemu Leopold Riemann aliingia Cincinnati kutoka Ujerumani na brashi zake, akawachorea Wamarekani vita vyao vya uhuru vizuri kuliko walivyowahi kujichorea wenyewe. Mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli walipona. Picha yake ilijaza ukuta mzima wa Ukumbi wa Wazalendo. Nyuso aliziazima kwa majirani zake, Wajerumani watupu: mwoka mikate akawa jenerali, fundi viatu akafa vizuri kabisa chini ya farasi. Mshika bendera alikuwa Anselm, mtoto wake wa pekee.

Anselm alikwenda kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Kaskazini na Kusini akafia huko, hata kaburi lake halijulikani. Picha nyingine hakuacha. Basi kila sikukuu ya uhuru mama yake, Walburga, aliwatangulia watu ukumbini, akasimama mbele ya mwanawe na kumpa habari za nyumbani.

Mwaka huo mlinzi, mzee Purdy, alimzuia mlangoni.

"Mama Riemann, leo rudi nyumbani tu. Jua kali."

"Jua gani la ndani ya nyumba? Hebu nipishe, mzee wewe!"

Akaingia. Bendera ilikuwa palepale, lakini aliyeishika alikuwa na pua ndefu na ndevu nyeupe.

"Nani huyu?"

"Babu yake mwenyekiti wa ukumbi," Purdy alisema, macho chini. "Wakubwa wamesema bendera yetu haiwezi kushikwa na mtoto wa Mjerumani. Juzi wakaleta mchoraji."

Juzi! Moyo wa Walburga uliruka kwa matumaini. Mke wa mchoraji anajua kwamba rangi ya mafuta haikauki upesi. Alivua kitambaa cha kichwani, akapanda juu ya kiti, akafuta. Pua ikatoka, ndevu zikatoka. Chini yake palikuwa na nyuzi tupu za turubai la picha.

"Mchoraji alianza kwa kuikwangua sura ya kwanza kwa kisu, mama," Purdy alisema. "Nilishindwa kukwambia."

Nje bendi ilinyamaza, na sauti ya mwenyekiti ikapenya dirishani: "Tumkumbuke Riemann, mgeni aliyetupa sura zetu!" Watu wakashangilia.

Walburga aliweka kiganja juu ya zile nyuzi, akaangua kilio cha msiba, maana sasa ndipo alipofiwa.