Ametoka Kidogo

Nakumbuka mwaka ule tuliokula dagaa majira yote ya baridi. Dagaa wa Kigoma walikuwa wamefika kwa mara ya kwanza katika duka la Mkongomani hapa mtaani kwetu, Mount Dennis, basi kila aliyetoka upande wa ziwa alinunua kama anayeogopa ziwa litakauka. Jengo letu zima lilinuka. Jirani wa ghorofa ya juu alikuja kuuliza kama bomba la choo limepasuka. Nikampa sahani, akala, hakuuliza tena.

Sikiliza, mwanangu: mwaka huo mjukuu wangu Zaituni alikuwa Thailand, mji unaoitwa Chiang Mai. Alikuwa akijibu wateja wa kampuni moja ya hapa Toronto kwa kompyuta, na kampuni ilimruhusu kufanyia kazi nyumbani. Nyumbani walimaanisha hapa. Yeye akabeba kompyuta yao akapanda ndege. Kule, aliniambia, chumba chenye bwawa la kuogelea kodi yake haifiki ya kuegesha gari huku, na wali na kuku vinauzwa mlangoni. Sikumlaumu. Kwangu alikuwa analala sebuleni, miguu nje ya kochi. Maisha nafuu hayana dhambi.

Asubuhi moja akanipigia, kwake giza limeshaingia. Namwona kwenye simu, anajipepea.

"Bibi, kesho kuna mtu wa kampuni anakuja kubadilisha kompyuta. Anwani niliyowapa ni yako."

"Mwambie aipeleke Thailand."

"Wakijua nimeondoka nchini nafukuzwa. Wewe sema nimetoka kidogo. Pokea hiyo mpya, basi."

"Na ya zamani nimpe ipi, hii sufuria?"

"Sema nimetoka nayo. Plizi, mke mwenzangu."

Hilo ni jina letu la utani, naye hulitumia akiwa na shida. Nikamwambia, "Sitasema umetoka kidogo."

Hakujua kwa nini nilikataa. Wewe nitakuambia. Nilipokuwa msichana, mama alinitoa Ujiji akanipeleka kwa shangazi Tabora, nijifunze kushona. Nikachoka na cherehani kabla sijapiga hata pindo moja lililonyooka. Nikapata kazi ya kupika Mwanza, nikaenda, nikamwomba shangazi akiulizwa aseme nipo. Mama akaugua. Mjomba akapanda treni kunifuata. Shangazi aliogopa aibu ya kupoteza mtoto wa watu, akasema, "Ametoka kidogo, kaenda sokoni," huku kwa siri anatafuta mtu wa kunifikishia habari Mwanza. Mjomba alikaa kibarazani siku mbili akinisubiri. Hakuna soko la siku mbili. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hiyo yetu ilitosha kunipitisha mbali na mama. Nilipofika Ujiji, udongo ulikuwa umeshakauka juu ya kaburi. Baba hakunipiga. Alisema tu, "Mama yako hakuuliza unafanya kazi gani. Aliuliza uko wapi."

Zaituni alikata simu. Lakini kabla hajalala alimpigia mkubwa wake, akasema kweli. Wakampa mwezi mmoja: arudi, au aache kazi. Akawarudishia kompyuta yao kwa posta, akaacha. Mimi hakunipigia miezi miwili, na Ramadhani ikapita humo. Sikumbembeleza. Mtoto akinuna huku ana afya, mwache anune.

Kisha siku moja simu ikalia. "Bibi, una kalamu?" Hakuna salamu. Akanisomea mtaa wa huko huko Chiang Mai, namba ya nyumba, jina la mama mwenye nyumba. Alikuwa amepata kazi nyingine, mshahara mdogo kuliko ule, lakini hao walijua yuko wapi. Mimi shule niliishia darasa la pili. Niliandika kwa herufi kubwa kama mtoto, karatasi ikajaa. Mpaka leo iko kwenye friji.

Sasa wewe, mwanangu, juzi umeniambia utahamia Vietnam, kazi ya hapa utaendelea nayo kimyakimya, barua zako zije kwangu. Nenda. Ukale vizuri kwa bei ndogo, ukalale kitanda kinachokutosha miguu. Ila mkubwa wako ajue ulipo, mama yako ajue, na mimi uniachie karatasi. Mficha uchi hazai. Anayekuficha leo kwa kukupenda, kesho atakuficha usionwe na aliyekuletea habari ya msiba.

Mungu akufungulie njia, akupe majirani wema, na kila anayekutafuta kwa heri akukute. Barua zako nitazipokea. Lakini akisimama mtu mlangoni kwangu akakuulizia, jibu langu ni lile alilopewa Zaituni. Sitasema umetoka kidogo.