Ushanga Uliokuwa na Joto

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na duka dogo la shanga karibu na stesheni ya Shinyanga. Mimi nilikaa nyuma ya pazia nikitunga shanga, na yeye ndiye aliyenifundisha kuzitambua. Ushanga mwekundu wa kale una moyo mweupe ukichungulia tunduni, kingo zake zimelika kwa kuvaliwa, na ukiugusisha mdomoni ni baridi kama maji ya mtungi. Za kuigiza hazina ubaridi huo.

Asubuhi moja alikuja mama wa Kisukuma na mjukuu mgongoni. Alifungua kitambaa, akatoa kamba ya shanga za marehemu mama yake. Mtoto alikuwa amerithi jina la marehemu, na kesho yake angevishwa kamba ile mbele ya ukoo. Ulipungua ushanga mmoja tu, uliodondokea kisimani.

"Mwangaluka, baba," akaamkia kwa Kisukuma. "Nitafutie mwenzake. Simvishi mama yangu kamba yenye pengo."

Mume wangu alimpa alizokuwa nazo. Kila mmoja yule mama aliugusisha mdomoni, akaurudisha.

"Huu wa jana. Na huu wa jana. Baba, unaniuzia vichanga?"

Mume wangu alicheka. Shanga za namna ile alijua zilipo. Zilikuwa kiunoni mwangu, nilizovishwa na bibi yangu siku ya harusi. Lakini mwanamume wa kwetu hataji kiuno cha mkewe mbele ya mtu. Alikohoa tu, akasema, "Labda ndani wanajua." Hakuniamuru, hata upande wa pazia hakutazama.

Nilisita sana. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, na sikuwa na kitu chake kingine. Nikamsikia mtoto akipiga chafya. Nikasema Bismillahi, nikakata uzi, nikatoa ushanga mmoja, nikafunga tena. Kisha nikamwita yule mama aje ndani.

Akaugusisha mdomoni, akakunja uso. "Una joto huu. Si wa kale."

"Ni wa kale, mama. Tazama tunduni."

"Wa kale huwa baridi! Umeutoa jikoni?"

Nikashika kanga yangu kiunoni, nikainamisha kichwa. Alinitazama usoni, akatazama mkono wangu, kisha akaangua kicheko hata mjukuu akaanza kulia.

"Yoo, mayu!" akasema, akaniita mama kwa lugha yake, mimi niliyekuwa sijazaa. "Kumbe ndiyo maana baba anakohoa!"

Huko dukani mume wangu akakohoa tena.

Nilitaka kuutia ushanga majini upoe, ausadiki kwa mdomo wake. Akanizuia mkono.

"Uache hivyo hivyo. Mama yangu naye alikuwa na joto."

Akaketi mkekani, akampakata mtoto. Yeye alishika kamba, mimi nikapitisha uzi na kufunga fundo.