Shangazi Alisema Nisimtaje

Ni mimi nilifanya shangazi yangu afutwe kazi. Sitasingizia shetani. Ni mimi na kimbelembele changu. Hapa nimeficha jina langu, na mkimaliza kusoma mtaona vile hiyo yenyewe ni aibu.

Anti ndiye alinilea baada ya mama kufariki. Alikuwa akifanya kazi ya nyumba kule Kitisuru, mtaa wa matajiri, anakaa kwa kile chumba cha nyuma. Karo yangu ya chuo ilitoka kwa kufua na kupika kwake.

Mwaka wa mwisho nikapewa kuandika utafiti kuhusu uchafuzi wa maji ya mito. Nikasoma vitabu vya wataalamu mpaka macho yakauma. Vyote vilisema maji ni machafu. Hakuna kilichosema nani anachafua.

Jumapili moja Anti akanitembelea chumbani kwangu Ngara, akanikuta nakata mboga, sukuma. Akauliza nimenunua wapi. Nikamwambia Kangemi, kwa wale wanalima bondeni kando ya mto.

"Wewe! Mvua ikinyesha usinunue hizo," akasema. "Bosi wangu hungoja mvua kubwa, halafu anaambia mtu wa shamba afungue bomba la tangi la choo. Uchafu wote unabebwa na maji mpaka mtoni. Na si yeye peke yake."

"Naweza kuandika hiyo, Anti?"

"Andika, watu wanaumia. Lakini usinitaje."

Sasa, si mnajua watu wetu? Anti akitoa mchango kanisani husema hivyo hivyo, usinitaje. Mchungaji akimtaja, anainama huku anatabasamu, na wiki nzima ana furaha. Nikadhani ni ile ile tu. Nikataka aone jina lake limechapishwa katikati ya madaktari na maprofesa. Kule nyuma kwa marejeo nikaliweka lote, pamoja na nyumba anayofanya kazi.

Mwalimu wangu alifurahia ule utafiti sana. Akapeleka nakala kwa mkutano wa wakazi wa Kitisuru, akitumaini watarekebisha. Bosi wa Anti alikuwa ameketi hapo. Alianza kusoma na kurasa za nyuma.

Siku hiyo hiyo Anti akatolewa nje ya geti na nguo zake kwa gunia. Akanipigia simu akiwa kando ya barabara.

"Si nilikuambia?"

Heri angenitukana, jamani.

Ametafuta kazi kwa matajiri kote, mpaka mtaa wa Karen. Akishataja jina lake, anaambiwa atapigiwa. Siku hizi anafulia watu nguo Kangemi, leo kuna kazi, kesho hakuna, na mgongo umemwisha. Bomba nasikia bado linafunguliwa.

Mimi nilipita mtihani. Juzi nikakuta mwanafunzi mwingine ametumia utafiti wangu, na jina la Anti liko kwa marejeo yake pia. Nimemwandikia alitoe. Hajajibu.

Wewe unayekusanya maneno ya watu, mtu akikuambia usimtaje, usijifanye unajua moyo wake kumliko. Funga mdomo. Chakula chake kiko hapo.

Jana mvua kubwa ilinyesha. Simu ikalia, ni Anti.

"Umenunua sukuma?"

"Hapana, Anti."

"Haya," akasema, akakata.