Jibu Alilolikata Shukuru

Shukuru ninayemsema ni yule mvuvi wa bwawa la Mindu, mrefu, mwembamba, mwenye mdomo usio na breki. Kambale anawajua, ndoano anaijua, lakini tangu anunue simu kubwa alikuwa anarudi nyumbani na video nyingi kuliko samaki. Akinasa kambale mdogo kama kidole, anarekodi. Wavu ukichanika, anarekodi. Watazamaji wake tulikuwa sisi majirani na shemeji yake wa Dakawa, basi. Ilimuuma sana, msimwone vile.

Felista ni mtani wake, ukoo kwa ukoo, kutoka kwa mama zao. Na kwetu Waluguru mtani si mtu wa kuchekesha tu. Mtu akifa, mtani ndiye anayechimba kaburi, na ndiye anayewatania wafiwa mpaka wacheke. Severini, mume wa Felista, alipofariki, Shukuru alichimba, akashuka mle ndani akajilaza, akasema kaburi fupi, marehemu akatwe miguu. Felista alicheka huku machozi yanamtoka. Ndiyo kazi yenyewe hiyo.

Baada ya msiba, Felista alimwomba mjomba wake, mzee Lukasi, kipande cha bondeni achimbe bwawa la samaki. Mzee akakubali kwa shingo upande: samaki wakiuzika, bwawa libaki, wasipouzika, lifukiwe, apande migomba yake. Mwanamke akachimba, akaleta vifaranga vya perege, akawalisha pumba na majani ya magimbi. Wakanenepa, loo! Mama lishe wa Mikese na Kingolwira wakaweka oda zao, watakuja kuchukua Jumamosi.

Siku mbili kabla, Felista akamwita mtani wake aje avute wavu wa kujaribia. Shukuru kumwona perege wa kwanza tu, huyo, kashatoa simu anajirekodi: "Jamani, mnajua kwa nini wamenona hivi? Huyu mama kamtupa mume wake humu! Severini mzima mzima, na kofia yake!"

Felista alimjibu palepale, na jibu lenyewe likawa kali kuliko utani wenyewe. Tulishika mbavu. Ila Shukuru kabla ya kuirusha video alilikata lile jibu. Eti video fupi ndiyo inayotembea. Muongo! Aliona ameshindwa kwa maneno na mwanamke, akaogopa kuchekwa yeye.

Ikatembea kweli. Kesho yake iko kwenye magrupu ya wasapu ya watu wasiojua Mluguru na mtani wake wanaishije, na juu yake imeandikwa: "Mama wa Morogoro alisha samaki maiti ya mumewe." Shukuru akatamba mtaani, sasa yeye maarufu. Nikamwambia, baba, mzaha mzaha hutumbua usaha. Akanicheka.

Jumamosi hakuja mama lishe hata mmoja. Walikuja askari wawili pamoja na mwenyekiti wa kijiji, wanataka kuonyeshwa huyo mume yuko wapi.

Jamani, aibu ile! Felista, mjane wa watu, akatangulia kwenye migomba ya nyuma ya nyumba kuwaonyesha kaburi la mumewe kama mwizi anayeonyesha alikoficha mali. Shukuru akaitwa naye aseme. Yule asiyekosa neno, siku hiyo sauti ilikuwa ya mgonjwa.

"Yumo humu. Kaburi nilichimba mimi."

"Na ile video?"

"Utani, afande. Huyu ni mtani wangu."

Askari mkubwa akamtazama. "Hata mimi nina watani, bwana. Nikiwatania wananijibu. Mbona kwenye video yako huyu mama hajibu?"

Shukuru akatafuta ile video nzima kwenye simu, akaicheza palepale kaburini. Sauti ya Felista ikatoka: "Ndiyo nimemtupa, na nafasi yako nimekuachia! Ila wewe samaki watakususa, hawali mifupa mitupu!" Kikafuata kicheko chake kirefu. Hakuna aliyecheka. Felista alijifunika uso kwa khanga, na Shukuru alikuwa anabonyeza simu izime.

Askari wakaridhika, wakaomba radhi, wakaondoka. Mzee Lukasi akasema, "Bwawa lifukiwe. Sitaki askari tena kwenye shamba la ukoo." Felista hakubisha. Samaki wenyewe nani angewanunua?

Hapo Shukuru akapiga magoti, mwanaume mzima, machozi na kamasi. "Nisamehe, Felista. Nimekukosea, nisamehe."

Felista akaiondoa khanga usoni.

"Watani hawaombani msamaha, Shukuru. Anayeomba msamaha ni mtu baki," akasema. "Basi, nimekusamehe."

Akashika njia ya bondeni kuvua samaki wake kabla udongo haujaletwa. Shukuru akanyanyuka, akauchukua wavu ulioanikwa kwenye migomba, amfuate kumsaidia. Felista aligeuka, akamwambia kwa adabu kabisa, "Ahsante, kaka. Usijisumbue."